Dulwich Hamlet: klabu ya mtaani iliyokatazwa kutumia jina lake

Mwaka 1893 Woolwich Arsenal, ndio Arsenal ya leo, waliingia Football League, ligi ya klabu za kulipwa, wakiwa klabu ya kwanza ya kusini mwa Uingereza kufanya hivyo. Mwaka huohuo, upande uleule wa Mto Thames, vijana waliomaliza shule ya msingi ya Dulwich Hamlet walimwendea mkazi mmoja wa mtaa, Lorraine Wilson, wakitaka timu ya kuchezea Jumamosi. Ya kwanza mnaijua nyote, na wengine mmeshapoteza usingizi kwa ajili yake. Mimi nimezama zaidi kwenye historia ya hiyo ya pili, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi. Chini ya Ligi Kuu kuna Championship, League One na League Two. Hapo ndipo wengi wetu huacha kusoma msimamo. Ngazi ya tano huanza dunia nyingine: mamia ya klabu za miji midogo na za vitongoji, wachezaji wengi wana kazi zao za mchana, na kiwanja kinaweza kuwa nyuma ya duka. Hadi 1987 hata bingwa wa ngazi hiyo ya tano hakuwa na uhakika wa kupanda, kwa sababu wakubwa wa Football League walipiga kura nani aingie na nani abaki nje. Na wakubwa, kama kawaida yao, walipenda kuchaguana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini Dulwich Hamlet hawakubaki nje kwa kukosa kura. Walibaki kwa kutaka. London ya kusini mwanzoni mwa karne ya 20 ilijaa makarani na mafundi waliohamia vitongojini kwa sababu ya reli, wenye mapumziko ya Jumamosi mchana, na wengi wao waliona kulipwa kwa kucheza mpira ni jambo la watu wa kaskazini. Wakubwa wa soka ya ridhaa, yaani ya wachezaji wasiolipwa, wakaunda ligi yao mwaka 1905, Isthmian League, ambayo kaulimbiu yake ilikuwa kwamba heshima inatosha. Hawakutania: mwanzoni bingwa hakupewa kombe wala medali. Dulwich Hamlet wakajiunga mwaka 1907, na jezi zao za pinki na bluu iliyoiva, rangi ambazo hadi leo zinawafanya wageni wajiulize kama wameona vizuri.

Wilson, ambaye kila mtu alimwita Pa, alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: kuwashika watu wasiondoke. Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu Mwafrika. Hussein Hegazi, kijana wa Misri aliyekwenda Uingereza kusoma, alianza kuichezea Dulwich Hamlet mwaka 1911 na papo hapo akawa gumzo kwa namna alivyouchezea mpira. Fulham wakasikia. Novemba ile wakamchezesha kwenye mechi ya ligi dhidi ya Stockport County, naye akafunga bao mapema tu. Mechi iliyofuata Fulham wakampanga tena. Pa Wilson akamfuata, wakazungumza, na Hegazi akaamua kubaki Dulwich. Hakuwahi kuichezea Fulham mechi nyingine. Baadaye alirudi Misri, akawachezea Al Ahly na Zamalek, na mwaka 1920 alikuwa kwenye kikosi cha Misri kilichokwenda Olimpiki ya Antwerp, timu ya kwanza ya Afrika kucheza soka kwenye michezo hiyo. Siku mtu akikuambia wachezaji wa Afrika waligunduliwa na Uingereza miaka ya 1990, mtajie Hegazi kisha endelea kunywa chai yako.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliondoka na vijana wengi wa klabu. Waliobaki, pamoja na damu mpya, ndio waliojenga enzi ya dhahabu. Mwaka 1920 Dulwich walitwaa ubingwa wa Isthmian pamoja na FA Amateur Cup, kombe la taifa la timu za ridhaa. Kombe hilo walilichukua tena 1932, 1934 na 1937. Fainali ya 1932 waliifunga Marine, timu ya kutoka pande za Liverpool, mabao 7-1. Hayo si matokeo ya fainali, ni adhabu.

Katikati ya miaka hiyo alikuwapo Edgar Kail. Kati ya 1919 na 1933 aliifungia Dulwich mabao zaidi ya 400. Klabu za kulipwa zilimtongoza, akakataa. Mei 1929 akaitwa timu ya taifa ya Uingereza, timu kubwa kabisa na si ile ya ridhaa, akiwa mchezaji wa klabu ya mtaa ambayo haimlipi. Mechi yake ya kwanza, Paris dhidi ya Ufaransa, alifunga mawili. Ya tatu na ya mwisho ilikuwa Madrid, siku Uingereza ilipolala 4-3 mbele ya Hispania, mara ya kwanza kufungwa na timu ya nje ya visiwa vyao. Hebu fikiria leo mshambuliaji wa daraja la saba aitwe kucheza na Hispania. Hata wachekeshaji wasingethubutu.

Umati uliokuja kuwatazama ulihitaji mahali. Mwaka 1931 jukwaa jipya lilifunguliwa kwenye kiwanja chao, Champion Hill, na miaka miwili baadaye kiwanja hicho kikapewa fainali ya Amateur Cup kati ya Kingstonian na Stockton. Watu zaidi ya 20,000 waliingia. Mwaka 1948 London ilipoandaa Olimpiki, Korea Kusini iliifunga Mexico 5-3 hapohapo.

Kisha ulimwengu ule ukafa polepole. Televisheni ilichangia, magari nayo yakachangia, na ridhaa yenyewe ilikuwa imeoza kwa ndani: kwenye ligi hizo ilikuwa siri ya wazi kwamba mchezaji mzuri angekuta noti ndani ya kiatu chake chumba cha kubadilishia nguo. Mwaka 1974 chama cha soka kikaacha unafiki, kikafuta tofauti kati ya wa ridhaa na wa kulipwa, na Amateur Cup ikaisha. Jirani zao Wimbledon walikuwa wameisoma alama ya nyakati mapema. Walikuwa bingwa wa Isthmian mara tatu mfululizo, 1962 hadi 1964, wakageuka wa kulipwa mwaka huo wa 1964, wakachaguliwa kuingia Football League 1977, na mwaka 1988 wakaifunga Liverpool fainali ya Kombe la FA. Ila 2003 wakahamishiwa Milton Keynes, na mashabiki ilibidi waanze klabu yao upya kutoka chini. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika nani alichagua vizuri.

Dulwich walibaki na kiwanja kikubwa, kikuukuu, chenye mashabiki mia kadhaa, katika mtaa ambao bei ya ardhi ilikuwa inapaa. Lile jukwaa la 1931 likabomolewa. Sainsbury's wakajenga supamaketi kwenye sehemu ya ardhi hiyo, na mwaka 1992 kikafunguliwa kiwanja kidogo cha watu 3,000. Kufikia 2014 ardhi ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyotaka kujenga nyumba. Halmashauri ya Southwark ikasita kutoa kibali, mvutano ukaanza, na klabu ndiyo ikaminywa.

Machi 2018 klabu ilitolewa Champion Hill. Wanasheria wakaiandikia pia kwamba jina Dulwich Hamlet Football Club limesajiliwa kama alama ya biashara na upande wa wamiliki wa ardhi, hivyo klabu iache kulitumia, hata kwenye kijitabu cha mechi na kwenye Twitter. Miaka 125 ya jina, barua moja! Hapo ndipo nchi nzima ikawafahamu. Bungeni wakazungumza, Rio Ferdinand, beki wa zamani wa Manchester United, akajitokeza kusaidia, mashabiki wakaandamana mitaani. Timu ikapewa hifadhi kwa Tooting & Mitcham, mahasimu wao wa jadi, na kwenye kiwanja hicho cha ugenini ikashinda fainali ya mchujo dhidi ya Hendon kwa penalti, ikapanda National League South, ngazi ya sita. Desemba hiyo wakarudi nyumbani.

Walishuka tena 2023. Mashabiki, hata hivyo, hawakupungua kama miaka ya 1980. Mechi za Dulwich huvuta watu ambao klabu nyingi za ngazi yao zingewatamani. Ukipanda treni kutoka London Bridge ushuke East Dulwich, tembea kuelekea Sainsbury's. Barabara inayoingia kiwanjani inaitwa Edgar Kail Way. Beba funguo zako, maana kila kona ikipigwa mashabiki huzitikisa juu, na asiye nazo hubaki kupiga makofi.