Muziro: nyama ambayo ukoo hauli

Buganda kila ukoo una muziro wake: mnyama, samaki, mdudu au hata mmea ambao wana ukoo hawaui wala hawali. Neno hili latokana na okuzira, kujizuia, nalo liko karibu sana na mzio wa Kiswahili, uliokuwa chakula cha mwiko kabla haujawa neno la hospitalini. Ukoo wa Mmamba hauli kambare mamba. Ngabi hawali pongo. Nsenene hawali senene. Muziro wa pili wa ukoo huitwa akabbiro: ukoo wa Ffumbe, yaani fungo, una chura pia.

Muziro si kuacha nyama. Mtu wa Lugave, ukoo wa kakakuona, atakula mbuzi, kuku na ng'ombe bila wasiwasi. Wala hasemi kwamba kakakuona ni mchafu. Anamkataa kwa heshima, kama jamaa, na hili ndilo wageni wengi hawalielewi: wanadhani ni kinyaa.

Mtoto hufuata ukoo wa baba, isipokuwa Kabaka, mfalme wa Buganda, ambaye hufuata wa mama. Na kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani, jiko la Waganda huwa na miziro miwili, wa mume na wa mke. Hapo ndipo mpishi anapohitaji uangalifu.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa kutoa vipande kunatosha. Kambare mamba aliyekaushwa kwa moshi akipikwa ndani ya mchuzi wa karanga, nyama yake huchambuka na kuchanganyika na karanga. Hata ukitoa vipande vikubwa, mchuzi umebaki na samaki. Senene nao, mwezi wa Novemba, hunyofolewa mabawa na miguu, kisha hukaangwa bila mafuta ya kuongeza kwa sababu hutoa yao wenyewe. Mafuta hayo hubaki kwenye kikaango. Ukikaanga humo kitunguu cha mchuzi wa mgeni wa Nsenene, umempa muziro wake bila kumwambia, na huo ni udanganyifu hata kama hakuonja tofauti.

Kwa hiyo uliza mapema, kabla moto haujawashwa: "Weddira ki?", yaani wewe ni wa ukoo gani. Hakuna Mganda atakayeona swali hilo ni la utovu wa adabu. Ukiwa na shaka, tumia sufuria nyingine na upike maharage.