Kulemewa na machaguo sio kuwa mchaguzi

Wiki hii nimeiona mara tatu, mtu anaandika "nimelemewa na chaguzi" akimaanisha kaingia dukani kakuta mafuta ya nywele yamejaa ukuta mzima akatoka mikono mitupu. Jamani, chaguzi ni wingi wa uchaguzi, mambo ya kura, ndo maana jimbo likibaki wazi tunasikia habari za chaguzi ndogo. Ukiniambia umelemewa na chaguzi mi nakuona umeshinda kwenye foleni kituoni na wino kidoleni. Kitu unachokichagua kinaitwa chaguo, na yakiwa mengi ni machaguo.

Maana yenyewe ya kulemewa na machaguo haina mambo mengi. Vitu vya kuchagua vinakuwa vingi mpaka kichwa kinagoma, unaahirisha, au unabeba chochote afu ukifika nyumbani unaanza kujilaumu bora ungechukua kile kingine. Basi, ndo hivyo tu, na mwandishi Mmarekani Alvin Toffler alishalipa jina tatizo hili toka 1970, kwa hiyo sio ugonjwa wa juzi wa watu wa simu.

Tukiwa bado kwenye neno lenyewe, chagua lina L ndani yake ambayo Kiswahili kimeimeza, ila ukilinyambua inachungulia: chaguliwa, chagulia. Wasukuma wao hawajaimeza mpaka leo, wanasema chagulaga, na aliyekulia Mwanza anajua hilo neno mabinti walikuwa wanaambiwa na vijana ili wachague mmoja wao, tuliache hapo hapo. Kutoka kwenye shina hilo hilo tukapata mchaguzi, na hapa ndo penye kero yangu hasa.

Mwaka jana nilienda kununua tailizi za choo. Duka limejaa ukuta mpaka ukuta, nyeupe peke yake zilikuwa nyeupe nane, nyingine nyeupe ya maziwa, nyingine nyeupe ya sijui nini, ukiziweka pamoja unaona tofauti ukizitenganisha huoni. Nimesimama pale karibu saa nzima nashika hii narudisha, kijana wa dukani uvumilivu ukamwisha akanambia "bosi wangu we mchaguzi sana, mchagua nazi hupata koroma". Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaondoka sijanunua. Njiani ndo hasira zikanipanda.

Sababu hiyo methali haikunihusu kabisa. Mchagua nazi ni mtu anayeijua nazi. Anajua inaanza kidaka, inakuja kitale, inakuwa dafu, koroma, ndo inafika nazi yenyewe. Anaiokota anaitikisa sikioni asikie maji yanavyocheza, anaigonga, anaitupa, anaokota nyingine, na kosa lake ni moja tu, kwamba alishapata nzuri akataka nzuri zaidi, mwisho akaishia na koroma, ambayo kwa dafu imepita na kwa tui bado. Huyo ndo mchaguzi, ana kipimo chake na anakikazia mno. Mimi kwenye zile tailizi sikuwa na kipimo chochote! Ningeambiwa hii ni koroma ningeitikia, ningeambiwa ni dafu ningeitikia pia.

Ukitaka kuiona hiyo tofauti nenda sokoni asubuhi wakifungua belo la mitumba. Mashati yanamwagwa chini lundo zima, muuzaji anaimba chagua chagua, na kina mama wanazama mle mikono inakimbia, kola, kwapa, vifungo, tupa, kola, kwapa, vifungo, weka pembeni. Mashati mamia na sijawahi kuona mama kalemewa pale. Mikono inajua inatafuta nini, na bei ni moja kwa lundo lote, kwa hiyo hesabu ya bei nayo haipo.

Watu wanapenda kutaja lile jaribio la jamu, ila wanalitaja nusu. Watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walilichapisha mwaka 2000, waliweka meza ya kuonja kwenye supamaketi moja California, saa nyingine jamu aina 24, saa nyingine aina 6. Kwenye 24 walisimama watu asilimia 60 ya waliopita, kwenye 6 asilimia 40. Lakini waliosimama kwenye 24 walionunua ni asilimia 3 tu, wa 6 ni asilimia 30. Hapo ndo watu wanaishia, "unaona, vingi ni vibaya". Nusu nyingine ni kwamba jamu zilizozoeleka kama ya stroberi waliziondoa mezani makusudi, ili mtu asikimbilie tu anayoijua. Yani walihakikisha mteja amekaa kama mimi na tailizi. Na mwaka 2010 kuna watafiti walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo wakakuta ukichukua wastani, wingi peke yake karibu hauna athari yoyote, kuna mahali unalemea na kuna mahali unasaidia.

Tailizi nilikuja kuzipata duka jingine, la mzee mmoja, ukuta wake nao umejaa vile vile. Nikamwamkia, hakunionyesha kitu, akaniuliza "mwanangu, mnaogea humo humo chooni?" Nikasema ndio. "Za chini au za ukutani?" Za chini. "Basi zote hizi zinazong'aa ziache, utavunja mtu kiuno." Nusu ya ukuta ikafa palepale. Akauliza maji yenu ni ya chumvi, nikasema ndio, nyeupe nazo zikaenda na doa zake. Zikabaki tatu. Nilichukua ya katikati, hata dakika kumi hazijaisha.

Kwa hiyo ukimkuta mwenzio kaganda mbele ya shelfu, methali ya nazi mwekee akiba, itampata siku nyingine. Huyo kalemewa tu na machaguo. Machaguo, sio chaguzi, tafadhali.