Kaskazini zaidi si barafu zaidi

Safari hii aliyenitibua ni mwanafunzi wa chuo, tena wa jiografia. Ameniuliza barafu iliyofunika milima ya Brooks, kaskazini mwa Alaska, ina unene wa kilomita ngapi. Kilomita! Sehemu kubwa ya safu hiyo mwezi wa Julai ni mawe, nyasi na matope, na mbu wake hawana huruma.

Mambo ya atlasi nayapitia mbio: safu ina urefu wa kilomita 1,100 hivi toka magharibi hadi mashariki, karibu yote ndani ya Aktiki. Maji ya kaskazini huishia Bahari ya Aktiki, ya kusini mengi huingia mto Yukon. Kusini kuna misitu, kaskazini ni tundra tupu, yaani nyika ya baridi isiyoota miti.

Sasa ugomvi wenyewe. Baridi peke yake haizai barafuto. Barafuto huzaliwa na theluji iliyosalimika kiangazi, ikalaliwa na ya mwaka unaofuata, na nyingine tena, hadi uzito uigeuze barafu inayotambaa. Baridi bila theluji inakupa ardhi iliyoganda, basi. Na theluji hailetwi na baridi, inaletwa na mvuke. Dhoruba za Pasifiki zinapoingia Ghuba ya Alaska hukutana kwanza na milima ya Chugach na Saint Elias, ambayo huzikamua. Ndiyo maana Malaspina, barafuto kubwa ajabu, imetandaa karibu na usawa wa bahari huko kusini, kwenye latitudo 60 hivi. Kinachosalia hupitia safu ya Alaska, nayo inachukua chake. Brooks inaambulia makombo. Upande wa pili, Bahari ya Aktiki hufunikwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo nayo haitoi mvuke wa maana.

Bado hamjashawishika? Baridi kali kuliko zote zilizothibitishwa Marekani, nyuzi 62.2 chini ya sifuri, ilipimwa Januari 1971 huko Prospect Creek, kusini mwa safu hiyohiyo. Pana barafuto? Pana miti!

Barafuto za Brooks zipo, ila nyingi ni ndogo na zimejibanza mashariki, kwenye vilele virefu. Inayofahamika zaidi ni McCall, iliyoanza kuchunguzwa miaka ya 1950, na inazidi kupungua. Zote ni ngapi? Hapo hata sisi tunaozichunguza tunabishana, maana barafu iliyofunikwa na vifusi hufanana mno na vifusi vilivyoshikamana kwa barafu. Anayehesabu ndiye anayeamua, na vitabu vinaandika jumla kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni.

Hata kilele kirefu kuliko vyote kilikuwa na utata. Ramani za zamani zilivutana kati ya Chamberlin na Isto, mpaka vipimo vya kutoka angani vya mwaka 2014 vikampa Isto ushindi kwa mita 2,736 hivi. Chamberlin, ambao ncha yake ni barafu, ukashuka hadi nafasi ya tatu.

Na zile kilomita 1,100 msizikariri sana. Mashariki milima inavuka mpaka na kuingia Kanada bila kujali ramani. Huko inaitwa British Mountains, na wapo wanaoihesabu kuwa Brooks na wapo wanaokatia mpakani.