Bibi hajawahi kuchomwa sindano hiyo. Usugu umetoka wapi?

Dada mmoja alikuja dirishani kwetu maabara siku ya upepo, ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane unaoacha vumbi juu ya meza uliyoifuta dakika tano zilizopita. Mkononi alikuwa na karatasi ya majibu ya mama yake, bibi wa kijijini upande wa Bahi, ambaye wiki ya tatu sasa alikuwa akikojoa kwa maumivu. Alishakunywa septrini, akanywa na amoksilini, bila nafuu.

"Shikamoo dokta. Hapa mmeandika hata seftriaksoni haimfai. Mama hajawahi kuchomwa hiyo sindano. Tangu nizaliwe sijaona amelazwa. Sasa mwili wake umeizoea vipi?"

Ni miaka mingi natazama bakteria, na swali hilo ni zito kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa sentensi mbili. Nilibaki na deni, ndiyo maana naandika.

Tuanze kwa kuliondoa neno "mwili". Mwili wa bibi haujazoea chochote. Walio sugu ni bakteria waliokuwa kwenye mkojo wake, E. coli, ambao kwenye agari ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, waliota koloni (vishada vya bakteria) za waridi zimejaa sahani nzima. Kwenye sahani ya pili tulipanga vikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa. Dawa ikiwa na nguvu, kikaratasi huzungukwa na uwanja mtupu usioota kitu. Kwa bibi, bakteria waliota mpaka kwenye ukingo wa ampisilini, septrini, tetrasaiklini na seftriaksoni. Nyanja safi zilikuwepo kwa nitrofurantoini, amikasini na meropenemu. Daktari wake alimpa nitrofurantoini, na akapona.

Silaha nne kwa mpigo. Shuleni wengi tulifundishwa njia moja tu ya usugu: bakteria anapojinakili hukosea herufi moja ya DNA, kosa likitokea kumfaa anabaki hai, wenzake wanakufa, watoto wake wanajaza nafasi. Njia hiyo ipo kweli. E. coli aliyeshiba hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo makosa hayakosekani. Lakini kushinda dawa nne kwa njia hiyo ni kutegemea bahati nne zinazofuatana. Mara nyingi bakteria hapiti huko. Hupewa usugu na mwenzake.

E. coli ana kromosomu moja, yaani DNA yake kuu, ya mviringo yenye jozi za herufi kama milioni 4.6. Hapo ndipo zilipo jeni za maisha yake ya kila siku. Pembeni anaweza kuwa na vipete vidogo vya DNA vinavyojinakili vyenyewe, tunaviita plasmidi. Plasmidi nyingi hubeba jeni za kujenga kinywele kirefu kinachoitwa pilasi. Mwenye plasmidi humgusa jirani kwa pilasi, humvuta karibu mpaka kuta zao zishikane, kisha uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za plasmidi hupita kwenda upande wa pili. Kila upande hujaza uzi uliopungua. Wazee wetu vijijini walikuwa wakienda kwa jirani kuomba kaa la moto: ukipewa, jiko lako linawaka na la jirani halizimiki. Plasmidi inasambaa hivyo hivyo, na aliyepewa usiku anaweza kuwapa wengine kabla hakujapambazuka.

Joshua Lederberg alikuwa na miaka 21 tu mwaka 1946, yeye na Edward Tatum walipoonyesha kwamba E. coli hupeana jeni. Wengi hawakuamini. Mwaka 1950 Bernard Davis akaweka aina mbili za bakteria kwenye bomba lenye umbo la U, katikati chujio linalopitisha maji lakini halipitishi bakteria. Hakuna jeni iliyovuka. Ikawa wazi kwamba lazima wagusane. Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Paris, miaka ya 1950, la Élie Wollman na François Jacob. Waliwaacha bakteria washikane, kisha kila baada ya dakika kadhaa wakachukua sehemu na kuisaga kwenye blenda ya jikoni ili kuwatenganisha. Waliona jeni zikiingia kwa zamu, moja baada ya nyingine, kama mabehewa. Kromosomu nzima ilihitaji kama dakika 100, na mpaka leo ramani yake ya zamani husomwa kwa dakika. Plasmidi, kwa kuwa ni ndogo, hupita ndani ya dakika chache.

Ila kwa swali la yule dada, somo lenyewe liko Japani. Baada ya vita vikuu vya pili, kuhara damu kulitibiwa kwa salfa, kisha kwa dawa mpya zilizofuata. Katikati ya miaka ya 1950 wakaanza kuonekana wagonjwa wenye Shigella, bakteria wa kuhara damu, sugu kwa salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini, zote pamoja. Kwa baadhi yao, E. coli wa kawaida wa tumboni walikuwa sugu kwa dawa zile zile nne. Mwaka 1959 watafiti wa huko walichanganya E. coli sugu na Shigella wasio sugu, na usugu ukahama wote kwa pamoja. Hawa ni bakteria wa aina mbili tofauti. Jeni haikujali ukoo.

Jeni zinazovunja dawa kama seftriaksoni zina safari ndefu zaidi. Mojawapo inayokutwa sana Tanzania inaitwa CTX-M-15, hutengeneza kimeng'enya kinachokata pete iliyo moyoni mwa dawa. Asili ya familia hiyo ni kromosomu ya Kluyvera, bakteria ambaye kwa kawaida hamsumbui mtu. Jeni iling'oka huko, ikapanda kwenye plasmidi, ikaenea dunia nzima.

Kugusana siyo njia pekee. Frederick Griffith alionyesha mwaka 1928 kwamba bakteria wa nimonia waliokufa huwapa walio hai sifa zao; baadaye, mwaka 1944, Oswald Avery na wenzake wakathibitisha kwamba kinachopita ni DNA iliyomwagika. Virusi navyo hubeba. Kuna virusi visivyojua binadamu kabisa, vinashambulia bakteria tu, na mara nyingine kirusi kinapojifunga ili kitoke hufungasha kwa makosa kipande cha DNA ya mwenyeji wake na kukidunga kwa mwingine. Norton Zinder na Lederberg waliligundua hilo kwa bakteria aitwaye Salmonella mwaka 1952. Vingine havihitaji kukosea, vina jeni ya sumu ndani yao tangu mwanzo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika hadi huku Dodoma, na kila ndoo ya kuhara kama maji ya mchele ilitokana na sumu ambayo jeni yake ni ya kirusi. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba kirusi hicho huingia ndani ya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, na kujipachika kwenye kromosomu yake. Vibrio asiye na jeni hiyo hakuletei kuhara kule kunakoua mtu kwa saa chache.

Nirudi kwa bibi. Alishatumia septrini mara nyingi, kama wengi wetu. Na kuku wa pale nyumbani, binti yake aliniambia, hunyweshwa ule unga wa njano wa oksitetrasaiklini kila wanapopiga chafya. Hapa ndipo watu huteleza. Jeni za dawa nne zikikaa kwenye plasmidi moja, dawa yoyote kati ya hizo nne huzilinda zote. Anayemeza septrini kiholela anailinda jeni ya kuvunja seftriaksoni bila kuiona sindano. Unga wa kuku unafanya hivyo hivyo, na bakteria wa kuku hawabaki bandani: wako kwenye mikono inayookota mayai, kwenye mbolea ya bustani, kwenye maji.

Lakini je, kwa bibi zote nne zilikuwa kwenye plasmidi moja? Nilitaka kuona kwa macho. Nikachukua E. coli wake na E. coli wa maabara aitwaye J53. J53 ni mnyonge, huuawa na antibaiotiki zote nne, ila anavumilia sodiamu azaidi, sumu inayowaua wenzake. Nikatengeneza sahani zenye azaidi pamoja na sefotaksimu, ndugu wa seftriaksoni. Wa bibi hufa kwa azaidi, J53 hufa kwa sefotaksimu. Anayeweza kuota hapo ni J53 aliyepewa jeni tu.

Jioni nikachanganya nusu mililita ya kila mmoja kwenye tyubu moja, nikaiweka kwenye inkubeta kwa nyuzi 37 bila kuitikisa, wasije wakaachana kama kwenye ile blenda. Asubuhi nikapaka sahani tatu: ya kwanza bakteria wa bibi peke yao, ya pili J53 peke yake, ya tatu mchanganyiko.

Siku iliyofuata sahani mbili za kwanza zilikuwa tupu kabisa. Ya tatu ilikuwa na koloni 43, nyeupe, ndogo, zimetawanyika kama punje za uwele kwenye ungo. Nikachukua tatu, nikazipangia vile vikaratasi vinne: ampisilini, septrini, tetrasaiklini, seftriaksoni. Kesho yake nikainua mfuniko chini ya taa. Zote tatu zilikuwa zimeota mpaka kwenye ukingo wa kila karatasi.