Mshtuko wa kurudi nyumbani ni nini, na Lamu humpataje mtu

Mshtuko wa kurudi ni hali ya mtu kujiona mgeni kwao baada ya kuishi nchi nyingine miaka mingi. Si ugonjwa. Dalili zake ni hasira za karibu, usingizi mbovu, kuona kila jambo linachelewa, kukosa wa kuzungumza naye huku nyumba imejaa watu, na kuitamani nchi ile ile ambayo mtu alihesabu siku za kuihama. Mshtuko wa kwenda ugenini watu huutarajia. Huu humkuta mtu akidhani safari imekwisha, na mara nyingi hauji wiki ya kwanza.

Mwaka 1945 Alfred Schütz, mwanasosholojia wa Austria aliyehamia Marekani, aliandika juu ya askari waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Alisema anayeondoka hubaki na picha ya nyumba kama alivyoiacha, na waliobaki nao humshika kama alivyokuwa siku ya kuaga. Kila upande hubadilika, picha hazibadiliki. Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard wa Norway alieleza hali ya watu wa kwao waliokaa Marekani kwa mchoro wa herufi U: furaha ya mwanzo, kushuka, kisha kupanda tena. Watafiti wa Marekani John na Jeanne Gullahorn wakaongeza U ya pili mwaka 1963 kwa ajili ya kurudi, ikawa W. Si kila mtu hupita njia hiyo, na watafiti wengi wameupinga mchoro wenyewe. Faida yake ni moja: unakumbusha kwamba kuna bonde la pili.

Wapo wanaodhani simu ya video imelimaliza jambo hili. Haijalimaliza. Simu hubeba habari za harusi na maiti; haibebi saa ambayo watu siku hizi hutoka kwenda barazani, wala nani hasemezani na nani, wala bei ya samaki.

Lamu wiki za kwanza ni tamu kupita kiasi. Mtu hushuka Manda au Mokowe, huvuka kwa boti, na mizigo yake hupita usita mzima, ile njia kuu ya mji, juu ya mkokoteni au punda, kila daka, yaani kibaraza cha mlangoni, likitazama. Hadi magharibi mji wote wajua amekuja na masanduku mangapi. Huandaliwa, hualikwa, haruhusiwi hata kuosha kikombe. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mialiko huisha, na hapo ndipo hugundua kwamba nyumba ilikwisha jipanga bila yeye. Ndugu mdogo ndiye mwenye kauli sasa. Mama aliyekuwa kazini Saudia humkuta mwanawe akimkimbilia bibi kila anapoumia. Hilo la mtoto halitengenezwi kwa zawadi wala kwa amri. Bibi asiondolewe ghafla; mama aanze na kazi ndogo za kila siku, kumuogesha, kumpeleka madrasa, kumlaza, mpaka mtoto amzoee kwa mwili.

Pesa ndiyo huharibu zaidi. Wiki za ugeni mtu hugawa udi, kanzu, simu na ahadi, na kila mmoja hupiga hesabu kwamba palipotoka hizo zipo nyingine. Mwezi wa tatu mfuko umelegea, naye huanza kuitwa bahili au mwenye kiburi. Fungu la zawadi likatwe kabla ya kununua tiketi, na matumizi ya miezi sita yawekwe mbali, pasipo kutajwa kwa yeyote. Biashara isianzwe katika siku hizo za shangwe, hasa ile ya kuletewa na jamaa: injini ya boti “ya bei nzuri”, au kiwanja kisicho na hati. Kiwanja hufanyiwa sachi, yaani kuangaliwa kimeandikwa kwa jina la nani, kwenye afisi ya ardhi kabla ya senti kutoka.

Nyumba iliyojengwa kwa pesa za kutuma ikaguliwe na fundi asiye wa ukoo. Kwenye picha za simu kila ukuta ni mzuri. Kosa la kawaida ni kutumia mchanga wa ufuoni: chumvi yake hula chuma ndani ya zege, chuma kikivimba zege hupasuka, na plasta hubanduka kila msimu wa mvua. Likigunduliwa mapema ugomvi huwa na fundi. Likichelewa huwa na ndugu aliyesimamia, na ugomvi huo ndio humrudisha mtu Ghuba kwa hasira.

Makaratasi yashughulikiwe wakati nguvu bado zipo, maana foleni mwezi wa nne huonekana kama tusi. Mkenya wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya 27 Agosti 2010 alipoteza wa Kenya, na hurudishiwa kwa kuomba. Aliyeuchukua baadaye hakupoteza, ila sheria yamtaka autangaze ndani ya miezi mitatu. Mwenye PIN ya kodi aliyekaa miaka bila kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, hata ya sufuri hukuta faini ya shilingi 2,000 au zaidi kwa kila mwaka. Kadi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, haina kazi tangu 1 Oktoba 2024. Hujiandikisha SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake, na asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Na noti ya zamani ya shilingi 1,000 iliyofichwa ndani ya pasipoti ilikoma kuwa pesa mwaka 2019.

Vyombo vya nyumbani alivyovitumia mwenyewe huweza kuingia bila ushuru kwa anayehama moja kwa moja, mradi vifike ndani ya siku 90 baada yake. Muda huongezwa kwa idhini tu. Friji ya Marekani ya volti 120 aiache huko huko, umeme wa Kenya ni 240 na utaiunguza. Gari ni juu yake, lakini vichochoro vya Amu, mji wa Lamu wenyewe, havitalipokea.

Mwili nao hurudi kwa taratibu zake. Atokaye Ghuba hana tofauti ya saa ya kumsumbua. Atokaye New York ana saa saba au nane, na mwili hufidia takriban saa moja kwa siku. Jua la asubuhi husaidia, usingizi mrefu wa mchana huchelewesha. La hatari ni malaria. Kinga aliyokua nayo mtu wa pwani hupungua akikaa miaka mbali na mbu, na mtoto aliyezaliwa nje hana kabisa. Wote walale ndani ya neti tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, isitibiwe kama uchovu wa safari.

Ulimi nao ulindwe. “Kule Doha mambo hayaendi hivi” ikisemwa mara mbili barazani, ya tatu watu hunyanyuka. Afadhali kumtafuta aliyerudi zamani kidogo na kumtolea yeye hayo yote.

Jambo moja lisichanganywe na mshtuko huu. Aliyepigwa, kunyimwa mshahara au kunajisiwa kwa mwajiri, akarudi anaruka kwa kila mlango ugongwao, hana tatizo la kuzoea. Hapaswi kuambiwa “utazoea tu”, wala kupelekwa kwa wa kumpunga pepo kabla ya kuonana na daktari. Apelekwe hospitali, King Fahd iko mjini, na mkataba wake na ujumbe wa simu vihifadhiwe, kwani ndivyo ushahidi wa madai yake.