Umiliki wa faili: kwa nini bakapu iliyorudi salama inakataa kufunguka

Somoe, karani wa chama cha msingi huko Tandahimba, kaletewa kompyuta mpya, na minada ya korosho inakaribia. Fundi kayarudisha mafaili yote kutoka bakapu, yaani nakala ya akiba, ya kwenye seva, hata moja halikupotea. Karani anafungua orodha ya wakulima, anajibiwa kuwa hana ruhusa. Faili kaliandika mwenyewe, na jina analoingilia ni lilelile!

Tatizo ni kwamba Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, haimtambui mtu kwa jina. Inamtambua kwa namba. Kwenye matoleo yake kama Ubuntu au Debian, mtumiaji wa kwanza kwa kawaida hupewa 1000, anayefuata 1001, na faili hupigwa chapa ya namba hiyo. Fikiria magunia ghalani yaliyoandikwa namba ya mwanachama tu. Daftari la zamani lilisema 1001 ni Somoe; likaandikwa upya, 1001 akawa Hamisi. Gunia halijasogea hata hatua, ila mwenyewe kabadilika.

Programu za kunakili mafaili kama tar na rsync hubeba na jina pia. Zikiendeshwa na mtumiaji mkuu, root, hulitafuta jina hilo kwenye kompyuta mpya, zikilikosa hushika namba. Hapo ndipo fundi wetu alipokosea: alirudisha mafaili kwanza, akaunti akazifungua baadaye. Na kama angerudisha kwa akaunti ya kawaida, mafaili yote yangekuwa yake yeye fundi, kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hawezi kumpa mwingine umiliki.

Kupima ni rahisi. Andika ls -ln uone namba ya mwenye faili, kisha id uone yako. Zikitofautiana, root atengeneze kwa chown, amri ya kubadili mwenye faili. Zikilingana na bado umekataliwa, angalia folda zilizo juu yake: kila folda ya njiani lazima ikupe ruhusa ya kupita, ile herufi x. Watu wengi hushughulika na faili kumbe mlango wa nje ndio umefungwa.

Seva ikitumia NFS, njia ya kushirikiana mafaili kwa mtandao, kuna jambo jingine. Kwa kawaida humvua root wa kompyuta nyingine cheo chake na kumfanya nobody, mtumiaji asiye na mamlaka, kwa hiyo chown inakataliwa hata kwa mkuu. Ifanyie kwenye seva yenyewe. Windows nayo ina namba zake ndefu zinazoanza na S-1-5-21. Ukiziona mahali pa jina, ujue mwenye faili hajulikani kwenye mashine hiyo.

Kuna wanaokimbilia chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Faili litafunguka, kweli, lakini kwa kila mwenye akaunti humo, na anayetaka kupunguza kilo za mkulima atazipunguza.

Kwa karani wetu, chown inatosha. Mashine ijayo, fundi aanze na useradd -u 1001, amri ya kufungua akaunti kwa namba unayotaka, Somoe apate namba yake kabla mafaili hayajashuka.