Kodi: hata wewe wa gredi 7 walipa

Mimi ni mhasibu hapa Mombasa na wikendi zingine hukaa na vijana wa gredi 7 na 8 tukaongea mambo ya pesa. Nikiuliza nani hapa analipa kodi, hakuna mkono unaopanda. Wasema ni baba, ni watu wa ofisini, ni matajiri wa Nyali.

Haya, chukua kredo ya sh 100. Kampuni ya simu yatozwa ushuru wa bidhaa (excise) asilimia 15, halafu juu ya hiyo yaja VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, na VAT yenyewe hupigwa kwenye bei ambayo ushuru ushaingia, yaani kodi juu ya kodi. Ukipiga hesabu, huduma uliyonunua ni kama sh 75 tu, hiyo 25 yaenda serikalini. Hapo darasa huchangamka wallahi.

VAT ndiyo inayotushika sote, mkubwa kwa mdogo. Kitu kikiuzwa sh 58 na VAT ndani, usichukue asilimia 16 ya 58, hilo ndilo kosa la karibu kila mtu. Gawanya kwa 116, zidisha kwa 16, wapata 8. Unga wa mahindi na mkate havina, ndio maana mswada wa fedha wa 2024 ulipotaka kuutia mkate VAT watu walikasirika vile, na mwisho mswada wote ukatupwa. Na mama wa viazi karai? Yeye hakutozi VAT, biashara yake ndogo, sheria yamtaka ajisajili akiuza kuanzia milioni 5 kwa mwaka. Lakini mafuta anayokaangia ameyanunua na VAT, na hawezi kuidai irudi, kwa hivyo imo mle ndani ya bei ya viazi, wewe waila na ukwaju.

Kodi ya mapato ndiyo ile wazazi hulalamikia, PAYE, mwajiri huikata kabla mshahara haujafika. Tuseme baada ya kutoa NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na ile tozo ya nyumba umebaki na 30,000 kwa mwezi. 24,000 ya kwanza ni asilimia 10, hiyo ni 2,400. Inayobaki 6,000 ni asilimia 25, hiyo ni 1,500. Jumla 3,900, halafu kila mtu ana nafuu, yaani punguzo la kodi, ya 2,400, kwa hivyo walipa 1,500. Ukiingia daraja ya juu ni ile ziada tu inayotozwa zaidi, sio mshahara wote, na mimi nishaona watu wazima wanaogopa kuongezwa mshahara kwa sababu ya kutojua hili!

Ushuru wa forodha sihitaji kueleza sana kwa watoto waliozaliwa karibu na bandari ya Kilindini. Mzigo wa kutoka ng'ambo ya Afrika Mashariki hutozwa kwa viwango tulivyokubaliana na majirani, kuna asilimia 0, 10, 25 na 35. Lakini sio kila kontena uionayo Changamwe yalipia Kenya, zile za Uganda zapita tu, ushuru wake ni wa Uganda.

Halafu kuna kaunti. Hii wengi huchanganya. Katiba ya 2010 imeipa serikali kuu kodi ya mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa, hizo hukusanywa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kaunti imeachiwa ushuru wa ardhi na majumba, na kodi ya burudani, pamoja na ada za huduma zake kama leseni ya duka na pakingi. Kwa hivyo ukiwa na neno kuhusu bei ya pakingi mjini nenda kwa mwakilishi wako wa wadi, na ya kredo mpelekee mbunge, tena umuwahi kabla Juni haijaisha maana mswada wa fedha hupitishwa kabla mwaka mpya wa bajeti kuanza Julai 1.